Kabla ya kuruka kwenda kiwanja kisicho na mnara: Kakamega, Suneka, Kabunde na vingine vya magharibi

Ukiwa Kisumu au Eldoret, kuna mwongozaji wa ndege mnarani anayejua nani yuko mbele yako na nani anataka kuruka. Kwenye viwanja vidogo kama Suneka kule Kisii, Kabunde ya Homa Bay au Kakamega, kazi hiyo inabaki mikononi mwa marubani wenyewe, ambao huenda hawajawahi hata kuonana. Wasipogongana ni kwa sababu kila mmoja alifanya kile mwenzake alichotarajia.

Anza mezani. Soma notisi za marubani, hakikisha masafa ya redio ya kiwanja na upande wa mzunguko, yaani njia ya mstatili ambayo ndege hufuata kuzunguka kiwanja kabla ya kutua. Mzunguko wa kawaida ni wa kushoto, lakini mlima au makazi yanaweza kuulazimisha uwe wa kulia. Kisha andika hesabu za kimo kwenye karatasi ya gotini. Kakamega iko takriban futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mzunguko wa futi 1,000 juu ya kiwanja unapigwa kwenye 6,000, na kupita juu ya kiwanja kutazama ni kwenye 7,000. Aliyezoea Kisumu ana 4,700 ya mzunguko wa kule kichwani, na 4,700 Kakamega ni ndani ya udongo.

Kwa kuwa hakuna wa kukupa shinikizo la hewa la kurekebishia kipimo cha kimo pale, lichukue kwa kituo cha karibu kabla hujabadilisha masafa. Kosa la hektopaskali 10 ni karibu futi 300. Ndege mbili zinazodhani zimeachana kwa futi 500 zinaweza kuwa na 200 tu. Kimo pia huongeza mwendo halisi: kwenye futi 5,000 ni kama asilimia 10 zaidi ya unaousoma kwenye saa ya mwendo, na kona inapanuka kwa takriban moja ya tano. Anayesahau hilo hupitiliza mstari wa kutua na kumwingilia anayetoka upande wa pili.

Upepo wa ziwa ni mada peke yake. Asubuhi hewa husukumwa kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kufika mchana upepo wa ziwa umeshika. Rubani aliyetua asubuhi akirudi alasiri kwa mazoea, huku mwingine ameangalia soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma), mmoja atashuka upande huu na mwingine atapaa kutoka ule. Ndiyo maana unapita juu kwanza: unaona soksi, unaona mbuzi na bodaboda wanaokatiza, na unaona ndege iliyo chini. Ukiona ng'ombe na ukataka kupita chini kuwafukuza, tangaza, kwa sababu aliye nyuma yako anadhani unatua.

Redioni, sikiliza kabla ya kusema. Kutoka kama maili 10 taja jina la kiwanja, aina ya ndege, mahali ulipo, kimo na nia yako, kisha umalizie kwa jina lilelile la kiwanja; masafa moja yanaweza kutumiwa na viwanja kadhaa. Rudia unapoingia mzunguko, kwenye kona ya mwisho na ukiondoka kwenye njia ya kurukia. Kosa la kawaida kwa anayetoka Kisumu ni kung'ang'ania masafa ya mnara mpaka maili tatu za mwisho. Kama una redio mbili, sikiliza zote. Wawili wakibonyeza pamoja, kinachosikika ni mlio tu, na kila mmoja anaamini amesikika. Tena, redio kimya haimaanishi anga tupu.

Kwa hiyo macho. Ndege mbili za noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) zikielekeana zinamaliza maili mbili kwa sekunde 36. Ile isiyosogea kwenye kioo ndiyo ya kuogopwa, maana iko kwenye njia ya kukugonga. Mabawa ya juu huficha yaliyo juu, ya chini huficha yaliyo chini. Ndege ya bawa la chini inaweza kushuka juu ya Cessna yenye bawa la juu wakati wa kutua, na hakuna anayemwona mwenzake. Washa taa za kutua na transponda (kifaa kinachojibu rada) inayotuma kimo. Aliye chini zaidi katika kutua ana haki ya kupita, lakini hiyo si ruhusa ya kujichomeka mbele ya mwenzake aliyekwisha jipanga.

Kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia ili kupaa, zungusha ndege uone pande zote mbili za kutua, hata ule ambao upepo hauupendi. Viwanja vingi havina njia ya pembeni, hivyo anayetua hurudi kwa njia ileile. Sema utageukia wapi. Na usitangaze umeondoka njiani mpaka mkia uvuke ukingo.