Shimo, chemba au taa mbovu Dar es Salaam: taarifa iende kwa nani, na iandikwe vipi

Taarifa nyingi za barabara mbovu hukwama kwa kuwa zimepelekwa kwa asiyehusika. Kabla hujatoa simu kupiga picha, jua barabara ni ya nani.

Barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Nyerere, Mandela na Bagamoyo, ni za TANROADS, wakala wa taifa wa barabara. Za mitaani, ziwe za lami, changarawe au vumbi tupu, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi 2017, na unazungumza na ofisi ya meneja wa wilaya yako: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, ndiyo maana wengi bado hukimbilia manispaa. Manispaa ina lake: takataka zilizoziba mtaro, au vibanda vilivyomeza njia ya waenda kwa miguu. Maji yanayobubujika chini ya lami na majitaka yanayofurika ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Nguzo ya umeme iliyoinama ni ya TANESCO. Taa ya barabarani isiyowaka, anza na mwenye barabara.

Chemba isiyo na mfuniko ndiyo inayosumbua zaidi. Mifuniko ya chuma huibwa ikauzwe chuma chakavu, na ikishaondoka, jina la mwenyewe limeondoka nayo. Chungulia ukiwa umesimama mbali kidogo, usiingize mkono. Ukiona au kunusa kinyesi, DAWASA. Ukiona nyaya ndani ya mabomba membamba ya plastiki, ni kampuni ya mawasiliano. Tafuta chemba nyingine kwenye mstari uleule yenye mfuniko, usome jina. Ikiwa ni zege lililovunjika juu ya mtaro wa mvua, ni mwenye barabara. Wakati unasubiri, simamisha tawi bichi la mti. Madereva na bodaboda wanalielewa. Usijaze mawe wala kifusi, maana mvua ikija maji yatakosa njia na yatarudi majumbani.

Sasa picha. Tatu zinatosha: moja kwa mbali ionyeshe duka au geti la jirani, moja ya shimo lenyewe ikiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa (chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyolazwa, ambayo ni kama sentimita 30), na moja ya mtaro wa pembeni. Hii ya tatu watu huisahau, na ndiyo inayoonyesha chanzo. Maji yasipopata pa kwenda huingia kwenye nyufa za lami, tabaka la chini hulainika, tairi humalizia kazi. Mtaro ukibaki umeziba, kiraka hakimalizi masika.

Mahali pataje kwa kibao cha anwani ya makazi: namba ya nyumba, jina la barabara, mtaa, kata. Ongeza nukta ya ramani: bonyeza kwa muda mrefu kwenye ramani ya simu, nakili namba zinazotokea. Usidondoshe alama ya kutoa mwanzoni. Dar es Salaam ni kama -6.8, 39.2, bila ile alama, shimo lako liko Ethiopia. Usitegemee picha ya WhatsApp kubeba mahali, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida taarifa hizo hufutwa.

Ujumbe uwe mfupi namna hii:

«Shimo kwenye lami, upana mita 1.2, kina sm 20, upande wa kushoto ukitokea sokoni, mbele ya nyumba Na. 14. Mtaro wa upande huo umeziba kwa mchanga takribani mita 6. Daladala zinalikwepa kwa kupanda njia ya waenda kwa miguu, na wanafunzi hupita hapo asubuhi.»

Maneno kama «barabara yetu ni mbovu sana, tunateseka» hayampi fundi pa kuanzia.

Upeleke kwa njia mbili. Kwanza, mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, kwa intaneti au kupitia *152*00#; chagua taasisi sahihi na utunze namba ya kumbukumbu. Pili, barua kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani. Chapisha nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Mwenyekiti wa mtaa anafaa kukutafutia saini za majirani, lakini barua ya kiofisi hupita kwa mtendaji.

Kisha uliza kazi yako imeangukia fungu gani. Kuziba shimo au kuzibua mtaro ni matengenezo ya kawaida, na unaweza kudai yafanyike ndani ya mwaka huu wa fedha. Kipande kinachokatika kila mvua huitwa sehemu korofi. Kuweka lami upya ni matengenezo ya muda maalumu. Hayo mawili husubiri bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Barua ya Mei imechelewa. Ipeleke baada ya mvua za vuli, Desemba au Januari, wakati mipango inaandaliwa na uharibifu bado unaonekana, kisha mkumbushe diwani aulizie kwenye baraza la madiwani akiwa na nakala yenye mhuri mkononi.