Namna ya Kutumia Vyakula vya Mimea Kuukinga Ubongo dhidi ya Metali Nzito

Kabla ya kufikiria chakula, tafuta mahali sumu inapotoka na uizuie, kwa kuwa hakuna mboga wala kiungo kinachoweza kushindana na madini ya risasi, mojawapo ya metali nzito zenye sumu, yanayoingia mwilini kila siku kutoka katika rangi kuukuu inayobanduka ukutani, mabomba ya zamani, au vumbi linalofika nyumbani kwenye nguo za mtu anayeyeyusha betri. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani utumbo wao hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo wao bado unajengeka.

Chanzo kikishazibwa, anza na madini ya chuma na kalisi, jambo ambalo naliona lina uzito kuliko yote yatakayofuata. Risasi na kadimiamu, metali nzito nyingine yenye sumu, hupenya kwenye utumbo kwa kutumia njia zilezile zinazopitisha madini hayo, na mwili wenye upungufu wa chuma huzifungua njia hizo zaidi, hivyo hujikuta ukifyonza sumu pia. Kula dengu, maharagwe na mboga za majani, uzifuatishe na limau au chungwa katika mlo huohuo ili vitamini C isaidie chuma kufyonzwa, na chai uinywe baadaye, si pamoja na chakula. Mtoto asikae na njaa muda mrefu, kwani risasi hufyonzwa zaidi tumbo likiwa tupu.

Ndipo tufikie viambata vyenyewe vya mimea vinavyosaidia kuukinga ubongo. Ndani ya ubongo, metali hizi huzalisha molekuli haribifu na kupunguza glutathioni, ambayo ni kinga kuu ya seli za neva. Sulforafani, ipatikanayo katika brokoli na kabichi, huamsha protini ya Nrf2 inayozichochea seli kutengeneza glutathioni zaidi. Katakata mboga hizo na uziache kidogo kabla ya kuzipika kwa mvuke, maana kimeng'enya kinachozalisha sulforafani huharibiwa na moto mkali. Kwesetini ya vitunguu maji, katekini za chai ya kijani na kukumini ya kiungo cha manjano zimepunguza madhara kwa panya wa maabara, ila ushahidi kwa binadamu ni mchache, kwa hiyo zitumie kama chakula na si kama dawa.

Manjano yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi mizizi yake ilivyokuwa ikipakwa kromati ya risasi, yaani rangi ya njano yenye risasi, nchini Bangladesh ili ing'ae, na ndiyo maana ni heri kutumia manjano mabichi, uyaoshe na kuyamenya, kuliko unga wenye rangi kali usiojua asili yake.

Ukishuku kwamba mtu wa nyumbani amekwisha kupata sumu, mpeleke apimwe damu mapema, kwani dawa za kuondoa metali mwilini hutolewa na daktari kulingana na kiwango kilichopimwa.