Kabla ya kumwogesha mzee, mwekee nyimbo za ujana wake

Ninyi mnaotunza wazee makazini, au bibi na babu nyumbani, jaribuni hili. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akigoma kuoga, au akihangaika kila jua likikaribia kuzama, msikimbilie kuomba dawa ya kumtuliza. Nyingi humlewesha hata akaanguka. Mwekeeni muziki kwanza.

Si muziki wowote. Tafuteni nyimbo alizozipenda alipokuwa na miaka 10 hadi 30 hivi, maana kumbukumbu za umri huo ndizo hudumu zaidi. Aliyezaliwa 1945 alikuwa kijana miaka ya sitini: pengine ni taarabu, dansi, kwaya au kaswida. Waulizeni wanawe na wadogo zake. Faili lake halitawaambia.

Anzeni kama nusu saa kabla ya ule wakati mgumu, si akishapandwa na hasira. Zimeni televisheni. Kama ana kifaa cha kumsaidia kusikia, hakikisheni betri haijaisha. Kisha kaeni naye, mtazameni uso na vidole. Akigonga goti kufuata mdundo, mmepata. Akilia kwa uchungu, badilisheni. Huenda wimbo ule unamkumbusha msiba. Uliomtuliza uandikeni kando ya kitanda, ili wa zamu ya usiku naye aujue.

Redio inayonguruma ukumbini kutwa nzima haimo katika hesabu hii, hiyo ni kelele tu.

Na mahangaiko yakija ghafla, mwiteni muuguzi mara moja: huenda ni maumivu, au maambukizi ya njia ya mkojo.