Somo: Vigawo tasa vya 18446744073709551615 kwa kalamu na karatasi

Swali hili linaulizwa kila mara, nami kila mara naanza kujibu upya. Leo naandika yote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Namba yenyewe ni jumla ya punje za ubao wa sataranji: punje moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu, hadi mraba wa 64. Ina tarakimu 20, lakini kompyuta haihitajiki. (Alama ^ ni kipeo.)

Hatua ya 1. Iandike 2^64 − 1.

Hatua ya 2. Tumia tofauti ya vipeo vya pili: 2^64 − 1 = (2^32 − 1)(2^32 + 1). Mabano ya kwanza yavunje hivyo hivyo mpaka yaishe. Utapata:

3 × 5 × 17 × 257 × 65537 × 4294967297

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wakiona tano za kwanza ni tasa, wanaandika kwamba hata ya sita ni tasa na kufunga daftari. Si tasa! Mwanahisabati Fermat mwenyewe aliamini namba zote za aina hii (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ongeza 1) ni tasa, mpaka mwenzake Euler alipoivunja hii mwaka 1732. Usihangaike na 7, 11, 13. Kila kigawo tasa cha 2^32 + 1, ukikigawanya kwa 128, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo jaribu 129, 257, 385, 513, 641. Tasa hapo ni 257 na 641 tu. 257 inabakisha 2. 641 inaingia kamili, mara 6700417.

ONYO: usisimame hapo. 6700417 nayo ithibitishwe. Kipeuo chake cha pili ni 2588 na ushee. Chini ya hapo, tasa zinazobakisha 1 kwa 128 ni 257, 641, 769, 1153 na 1409. 257 ilishakataa, nyingine zinabakisha 44, 120, 334 na 622. Basi ni tasa.

Hatua ya 4. Jibu: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65537 × 6700417.

MASWALI

Swali: Mkuu, simu yangu inaonyesha 1.8446744E19. Hujakosea?
Jibu: Simu imekata tarakimu. Anza hatua ya 1.

Swali: Nimegawanya kwa 7 kwenye jedwali la kompyuta, haikubaki kitu. Mbona 7 hujaiweka?
Jibu: Kwa sababu si kigawo. Jedwali linashika tarakimu 15 tu, kwa hiyo uligawanya namba nyingine. 2^3 kwa 7 inabakisha 1, basi 2^63 pia inabakisha 1, na 2^64 inabakisha 2. Toa 1, baki ni 1. Sijagusa kikokotoo.

Swali: Hiyo 128 inatoka wapi? Nimeirudia hatua ya 3 na sijaona sababu.
Jibu: Swali zuri sana. Chukua p, kigawo tasa cha 2^32 + 1. Ukigawanya kwa p, 2^32 inabakisha −1 (yaani imepungua 1 tu kugawanyika kamili), hivyo 2^64 inabakisha 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofanya hivyo. Kwa kanuni ndogo ya Fermat (2^(p − 1) kwa p inabakisha 1), 64 lazima igawanye p − 1. Kupanda hadi 128 ni kazi ya mwanahisabati Édouard Lucas: p ikibakisha 1 kwa 8, basi 2 ina kipeuo cha pili ndani ya mabaki ya p, na kipeuo hicho kinahitaji kipeo cha 128 ili kibakishe 1.

Na kwa kuwa umeuliza, pokea hii: 641 = 5 × 2^7 + 1, tena 641 = 5^4 + 2^4. Kwa 641, 5 × 2^7 inabakisha −1. Ipandishe kipeo cha nne, 5^4 × 2^28 inabakisha 1. Lakini 5^4 ni sawa na −2^4. Basi −2^32 inabakisha 1, yaani 2^32 + 1 haibakishi kitu. Hakuna kugawanya hata mara moja!

Swali: Jumla ya vigawo vyote, tasa na visivyo tasa?
Jibu: 128. Tasa ni saba na hakuna inayojirudia, basi 2^7. Mwenye Linux, au Termux kwenye simu, ahakiki kwa amri factor 18446744073709551615.

Swali: Na 2^128 − 1?
Jibu: Zidisha jibu la hatua ya 4 kwa 2^64 + 1 tu. Mwanahisabati Landry aliivunja hiyo mwaka 1880: 274177 × 67280421310721. Hapa vigawo vinabakisha 1 kwa 256, na 274177 = 256 × 1071 + 1.