Kutengeneza Mwenyewe Mashine ya Kukatia Majani ya Hei Shambani

Mfugaji wa Pongwe, Muheza au Korogwe, mkoani Tanga, anayetaka ng'ombe wake wa maziwa wasikose chakula mwezi Januari na Februari, jua la kaskazi linapokausha malisho, hukata majani ya hei, yaani nyasi za kukaushwa na kuwekwa akiba, baada ya masika kupungua, wakati nyasi zinapoanza kutoa maua. Muda huo ni mfupi, kwa kuwa nyasi zikishakomaa na kuzaa mbegu hupungukiwa protini na mabua yake huwa magumu kumeng'enywa. Mashine ikiharibika wakati huo, kumngoja fundi kutoka mjini ni kuacha chakula cha mifugo kizeeke shambani.

Maelezo haya yanahusu kurekebisha mashine ya kisu cha meno iliyoharibika, ambayo hufungwa kwenye trekta na kuendeshwa kwa shafti ya PTO, yaani mhimili unaotoa nguvu ya injini ya trekta kwenda kwenye mashine, na ambayo kisu chake huenda na kurudi upesi kati ya vidole vya chuma. Sehemu zake karibu zote zinaonekana kwa macho, na nyundo, tindo, spana, tupa na jiliwa hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Kabla ya kugusa chochote, zima trekta, toa ufunguo uuweke mfukoni mwako, na utelemshe mashine mpaka ilale chini, au uiegemeze juu ya magogo imara. Usitegemee haidroli peke yake kuishikilia. Vaa glavu nene, na kisu kikishachomolewa, kifunike makali kwa mpira wa bomba uliopasuliwa kwa urefu, kwa sababu kisu hukata mtu hata kinapobebwa, si kinapofanya kazi tu.

Mashine hii hukata kama mkasi. Jino la kisu ni upande mmoja, na bapa dogo la chuma lililofungwa ndani ya kila kidole ni upande wa pili. Pande hizo zisipogusana vizuri, bua hulala katikati yao badala ya kukatika, hata kama jino limenolewa likawa kama wembe. Nyasi za Rhodes, zenye mabua membamba, hudhihirisha kasoro hiyo mapema. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kisu kipya kisinunuliwe kabla ya kulikagua shamba lenyewe. Mstari mmoja mwembamba wa nyasi zilizobaki zimesimama huonyesha jino moja au kidole kimoja kilichovunjika, mara nyingi kwa kugonga jiwe au kichuguu. Nyasi zilizochanwachanwa katika upana wote huonyesha kwamba kisu kimelegea juu ya mabapa au kwamba mabapa yenyewe yamelika. Nyasi zikijikunja na kuziba vidole, angalia kwanza kama umande umekauka, kisha ndipo uitilie shaka mashine.

Kuondoa jino lililovunjika hakuhitaji kutoboa riveti. Laza kisu juu ya jiliwa iliyofunguliwa kidogo, ufito wa chuma unaobeba meno ukiegemea pande mbili za jiliwa na ukingo wa nyuma wa jino ukielekea juu, kisha upige ukingo huo kwa nyundo kwa nguvu. Riveti zitakatika na jino litaachia. Sukuma vipande vilivyobaki kwa pini, weka jino jipya, pitisha riveti mpya na uziponde juu ya chuma kizito hadi jino lisicheze hata kidogo. Meno yenye makali laini, yasiyo na vijino kama vya msumeno, hunolewa upande wa juu tu, kwa kufuata mwinamo wake wa asili, na upande wa chini ubaki bapa kabisa. Ukitumia grainda, gusa na uachie, maana chuma kikigeuka rangi ya buluu kimekwisha kulegea na hakitashika makali tena.

Vidole ndivyo vinavyodai subira kubwa zaidi. Kisu kikiwa nje, inama mwishoni mwa mashine utazame safu ya mabapa kwa jicho moja, au uvute uzi juu yake. Kidole kilichoinama kigongwe taratibu kwenye sehemu yake nene, juu au chini, mpaka mabapa yote yawe katika usawa mmoja. Bapa ambalo kingo zake zimeviringika libadilishwe. Hapo ndipo urudishe kisu na kushughulikia vibano vinavyokizuia kisipande: kibano kikihitaji kugongwa, vuta kisu kwanza kisiwe chini yake, kisha kirudishe na ukijaribu. Kisu kilichokaa sawasawa husukumwa na kuvutwa kwa mkono bila kukwama, lakini hakinyanyuki.

Mkono wa mbao unaosukuma kisu ukivunjika, chonga mwingine kwa mbao ngumu, kavu, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na fundo, kwa urefu uleule wa ule wa zamani. Baadhi ya watu huweka bomba la chuma ili lisivunjike tena. Sikubaliani nao: kisu kikikwama, ni heri ipotee mbao kuliko kupasuka kichwa cha kisu au gurudumu linalokiendesha. Mkono unaovunjika mara kwa mara una sababu yake, na mara nyingi ni kiungo cha kichwa cha kisu kilicholegea, au ncha ya nje ya mashine iliyorudi nyuma. Ncha hiyo inapaswa kutangulia mbele ya ile ya ndani kwa takriban sentimita 2 kwa kila mita ya urefu, kwa sababu uzito wa nyasi huirudisha nyuma wakati wa kazi. Pima kwa uzi, kisha urekebishe.

Baada ya hapo zungusha mashine kwa mkono na uhakikishe kwamba kila mwisho wa mwendo ncha za meno zinasimama katikati ya vidole. Tia grisi kwenye beringi na viungo, kaza bolti zote, halafu uiendeshe polepole kabla ya kufikia mizunguko 540 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya PTO. Baada ya dakika chache zima tena, toa ufunguo, na uguse kichwa cha kisu na vibano kwa tahadhari. Palipo na moto kupita kawaida pamebanwa mno na palegezwe kidogo. Kata mistari michache, kisha ukaze riveti na bolti mara ya pili, kwa kuwa vifaa vipya hulegea kidogo katika saa za mwanzo. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula makali hata mashine ikiwa bandani, kwa hiyo msimu ukiisha chomoa kisu, kipake oili na ukitundike mahali pakavu.