Kumtafutia mgonjwa wa saratani utafiti wa tiba mtandaoni

Hatua ya 1: Faili kwanza. Kusanya majibu ya kipimo cha nyama (biopsy), hatua ya ugonjwa, vipimo vya damu vya karibuni na orodha ya tiba: jina la kila dawa, ilianza lini, iliisha lini, ilisimamishwa kwa nini. Kwa saratani ya titi, tazama ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini kwenye seli za saratani), maana tafiti nyingi hugawanyikia hapo. HER2 ikisomeka 3+ ni chanya. Ikisomeka 2+, bado hakuna jibu mpaka kipimo cha pili, ISH, kifanyike. Wanaoliruka hili ndio hurudishwa mlangoni.

Hatua ya 2: Fungua ClinicalTrials.gov. Ni sajili ya Marekani, lakini ina tafiti za Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Andika ugonjwa kwa Kiingereza, "breast cancer", kisha uchague nchi. Usirundike maneno, ukijaza kila kisanduku utapata sifuri na kudhani hakuna kitu. Weka alama kwenye "Recruiting" (unapokea wagonjwa) na "Not yet recruiting" (bado haujaanza kupokea). Maneno "Active, not recruiting" hudanganya wengi: utafiti unaendelea, ila haupokei wagonjwa wapya. Rudia kwa nchi jirani, halafu upekue PACTR, sajili ya Afrika iliyoko Cape Town.

Hatua ya 3: Soma vigezo, ukianza na vya kumkataa mgonjwa. Hapa ndipo pa kutumia muda. Angalia:

- ECOG, alama ya jinsi mgonjwa anavyojimudu; 0 ndiyo nzuri kabisa. Tafiti nyingi hutaka 0 au 1. Anayejihudumia lakini hawezi kazi yoyote, japo hashindi kitandani, ni 2.
- Tiba zilizopita. Nyingine hukataa aliyekwisha kupewa dawa fulani, kwa hiyo tafuta kabla ya kubadilisha tiba, si baada.
- Muda wa kupumzika tangu dozi ya mwisho, mara nyingi wiki 3 au 4.
- Damu. Mara nyingi hutakiwa hemoglobini isiyopungua 9 g/dL.
- VVU. Usikate tamaa kabla ya kusoma. Baadhi hupokea wenye virusi vilivyodhibitiwa.

Hatua ya 4: Shuka kwenye orodha ya vituo. Kila kituo kina hali yake: utafiti unaweza kuwa wazi Kampala na kufungwa Nairobi. Tazama pia tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Ukikuta "Unknown status", taarifa haijathibitishwa kwa miaka 2 au zaidi.

Hatua ya 5: Andikia kituo barua pepe fupi. Kichwa kiwe namba ya utafiti, NCT na tarakimu 8. Ndani weka umri, aina na hatua ya saratani, ECOG na tarehe ya dozi ya mwisho. Jina la mgonjwa acha. Uliza nani analipia CT scan, nauli na malazi, na kama kuna kundi la placebo, yaani dawa isiyo na kiambato cha tiba. Daktari anayemtibu apate nakala. Ndiye atakayeandika rufaa.

Hatua ya 6: Hakikisha kibali. Kuwemo kwenye sajili si kuidhinishwa. Tanzania, ulizia kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa) na cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba). Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa akitakiwa kununua dawa inayojaribiwa, simama hapo na umwoneshe daktari wake kabla ya kulipa chochote.

Saratani ikiwa bado inatibika kwa upasuaji, kemo au mionzi, tiba hiyo isisubiri utafutaji huu hata wiki moja.