Mambo ya kuzingatia kabla hujatia mafuta ya karafuu kwenye jino

Jino likishika saa saba ya usiku, huku kwetu Pemba mtu haulizi. Hunyoosha mkono akapapasa kichupa cha mafuta ya karafuu, akachovya pamba, akabana. Ndiyo maana haya nayaandika mchana, maana mwenye jino linalomwanga hasomi, hapimi, wala hakumbuki kichupa kilitoka kwa nani.

Cha kwanza ni kujua mna nini humo. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kitu kinachotia ganzi. Madaktari wa meno nao huitumia, wakiichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba tundu kwa muda. Kwa hiyo bibi zetu hawakukosea hata kidogo. Ila wao walibana punje moja ya karafuu penye jino, ikalainika kwa mate na kutoa ukali wake polepole. Kichupa ni jambo jingine. Yale makonyo, yaani vijiti vya vishada vya karafuu, tunayoyatenga jamvini tukichambua karafuu hupelekwa kiwandani Wawi, huku huku Pemba, yakatolewa mafuta kwa mvuke, na tone moja tu la mafuta safi lina ukali wa punje mbili tatu nzima. Kwangu mimi, punje ya karafuu ndiyo ianze. Mafuta yafuate ikiwa punje imeshindwa.

Kama mafuta umeyanunua barabarani, yajaribu kabla hujayahitaji. Dondosha matone machache kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Ya nazi na ya kupikia huelea. Yakielea, ujue yamechanganywa, na aliyeyachanganya hakukwambia kwa nini. Yaweke kwenye chupa ya kioo cheusi, kwani baadhi ya plastiki huliwa nayo.

Sasa kuyapunguza makali, na hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza. Matone 2 au 3 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yanatosha. Chovya kipande kidogo cha pamba, kikamue, kisha kielekeze kwenye tundu la jino lenyewe, si kwenye ufizi. Mate yanayojaa yateme, usiyameze. Binamu yangu aliwahi kubana pamba iliyolowa mafuta matupu usiku kucha. Asubuhi maumivu ya jino yalikuwa yametulia, lakini ufizi na upande wa ndani wa mdomo ulikuwa mweupe kama uliobabuliwa, ukachubuka, na siku nne hakuweza kula kitu cha moto. Basi andaa kabla: kijichupa cha mafuta ya nazi, pamba safi, kijiko, tochi na kioo. Ukilifanya hili gizani, utatia pasipo jino. Na asipirini isiwekwe kwenye ufizi. Nayo huunguza, na dawa yake hufanya kazi ikimezwa.

Watoto ndio wanaonitia hofu zaidi. Nimeona mama akimpaka mtoto anayeota meno mafuta haya kwa kidole, kwa mapenzi kabisa. Tafadhali, tusifanye hivyo. Madaktari wamewahi kuandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 tu za mafuta ya karafuu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai: alipoteza fahamu, akapatwa na degedege, na ini lake likaumia vibaya. Mtoto anayeota meno msugue ufizi kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi akitafune. Kichupa kikae juu, kimefungwa, mbali na chupa za dawa ya kikohozi, kwa sababu harufu yake tamu humvuta mtoto. Akinywa kwa bahati mbaya, usimtapishe, wala usikae ukimnywesha maziwa na kungoja. Mchukue hospitali saa ileile, na kichupa mkononi.

Kwa watu wazima, anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini au asipirini ya kila siku, amuulize daktari kwanza, kwa kuwa eujenoli nayo huchelewesha kuganda kwa damu. Anayekwenda kung'olewa jino au kupasuliwa aseme kuwa amekuwa akiyatumia. Mjamzito asiogope pilau wala chai ya karafuu, lakini mafuta yenyewe asiyaguse kabla ya kuzungumza na mkunga wake.

Na ganzi si tiba. Tundu linaendelea kuliwa chini yake, kwa hiyo nafuu ya usiku itumie kufika kwa daktari wa meno asubuhi. Zipo hali ambazo hata asubuhi ni mbali: shavu au shingo imevimba, homa imepanda, kinywa hakifunguki, kumeza au kupumua kumekuwa kwa shida. Hapo weka kichupa chini, uende usiku huohuo. Wa mjini Wete, Chake Chake au Mkoani hospitali iko karibu. Wa Kojani au Makoongwe lazima avuke maji kwanza, kwa hiyo leo hii ajue ni nani mwenye chombo anayekubali kuamshwa usiku, na ni nani ng'ambo mwenye gari, na namba zao ziandikwe ukutani ambako hata mtoto wa nyumba anaweza kuzisoma.